Weita Aliyehamia Uarabuni

Juzi binti yangu alikuwa amejilaza akitazama tamthilia zake kwenye simu, akaniuliza, “Mama, mbona hawa maweita hawasemi kitu?” Nikaacha kitunguu nilichokuwa nikikata.

Kibokoni, Mombasa, 1988, baada ya isha. Televisheni ni ya bibi, ikifunikwa kitambaa cha kudarizi mchana kutwa. Tamthilia ya Dallas ilikuwa ikionyeshwa Marekani tangu 1978, lakini sisi ilitufikia kwa kanda za video zilizonakiliwa hata nyuso zikawa kama zinanyeshewa. Wanawake wamejaa mkekani, kahawa chungu inazunguka, nami wa darasa la sita ndiye mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Basi nikitunga.

Kilichowatatiza ni ile Oil Baron’s Club, ya kubuniwa, ambako tajiri J.R. Ewing na hasimu wake Cliff Barnes hula chumba kimoja. Nilipotamka klabu, bibi alishtuka. “Kilabu? Wanakunywa mnazi hao?” Nikamwambia la, ni baraza la matajiri wa mafuta.

“Mafuta ya nazi?”

Hata baada ya kuelezwa kuwa ni ya petroli hakuridhika. “Mtu na adui yake wanakaa kula pamoja! Kwani hawana makwao?”

Mjomba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akipiga kiwi viatu vyake vyeusi vya kazi. Alikuwa weita kwenye klabu moja hapa kisiwani, nami siitaji jina. Kila nikinyamaza, huniuliza, “Wamesemaje, mama?”

Usiku ule J.R. alikuwa mezani, akatabasamu lile tabasamu la mwigizaji wake, Larry Hagman, la mtu aliyekwisha kukuuza na pesa kazitia mfukoni. Nyuma yake weita kasimama na trei. Mjomba akaacha brashi.

“Na huyo wa nyuma? Yeye asemaje?”

Hakusema kitu. Nilimwona, midomo kaifumba. Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nikitazama kucha za mjomba, nyeusi kwa kiwi, na ile fulana yake iliyotoboka begani, kwa sababu koti jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani lisipate vumbi.

“Asema... asema, ‘Nayasikia yote haya, bwana. Iko siku nitayatoa.’”

Vigelegele! Shangazi akapiga paja: “Huyo ndiye atakayemponza!” Mjomba alinitazama kitambo, kisha akarudia kiatu chake.

“Trei kaishika vizuri,” akasema. “Kafundishwa.”

Nilijiponza mwenyewe. Kila kanda mpya ikija, wanawake walimngoja weita wao atoe siri, naye hata uso haonyeshi. Mwishowe ikabidi niseme amepata kazi Uarabuni. Bibi akamwombea dua.

Mjomba alishafariki, na sikuwahi kulifikiria jambo hili mpaka juzi, kisu kikiwa mkononi. Mtu aliyewahudumia Waingereza tangu ujanani. Akaandika oda zao, akasikia mizaha yao na matusi yao, yote kwa Kiingereza. Na usiku anakaa mlangoni na brashi yake, ananiuliza mimi, “Wamesemaje, mama?”