Nimetoka mji wa Ali, nikakuta Ali mwingine Magomeni

Miaka yote niliyokaa Louisville, Kentucky, huwezi kumkwepa bondia Muhammad Ali. Ndege ikitua, uwanja una jina lake tangu 2019. Mjini kuna makumbusho yake yaliyofunguliwa 2005, na Grand Avenue kuna nyumba ndogo ya rangi ya waridi alimokulia. Hata sisi tunaoongea Kiswahili kule, Wakongo, Warundi na Watanzania wachache, kisa cha baiskeli tunakijua: 1954 mtoto wa miaka 12 kaibiwa baiskeli, anamwambia polisi Joe Martin atampiga mwizi, na polisi anamjibu ajifunze kwanza kupigana.

Alipofariki Juni 2016 alisaliwa Freedom Hall, ukumbi uleule alikopigana pambano lake la kwanza la kulipwa, Oktoba 1960. Kesho yake gari la maiti lilizungushwa mjini. Nilikuwa barabarani na wengine. Watu walirusha maua mpaka kioo cha mbele cha gari kikajaa, sijui dereva alikuwa anaona wapi.

Sasa nimerudi Dar, nakaa kwa baba mdogo Magomeni. Jioni kanichukua kijiweni kwake anitambulishe kwa wazee wenzake. Shikamoo zikazunguka, kahawa ikamiminwa, nikaulizwa Marekani nilikuwa upande gani. Nikajibu kwa majivuno kidogo: mji wa Muhammad Ali. Mzee mmoja akamalizia kashata yake taratibu, ndipo akasema, "Aaa. Yule ambaye Mwalimu alimkatalia."

Wenzangu mliozaliwa baadaye, habari yenyewe ni hii. Wasovieti waliingia Afghanistan Desemba 1979. Rais Carter wa Marekani akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow, na Afrika ilihitaji kushawishiwa. Ali alikuwa amestaafu, yuko India kwenye shughuli za hisani, akaletwa Dar kwa ndege ya serikali Februari 1980. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Rais wa nchi anatumiwa bondia azungumze naye siasa za dunia? Dharau gani hiyo! Ali akabaki na maofisa wengine na waandishi wa habari, na hao hawakuja kuomba saini. Walimuuliza: 1976 Afrika ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Marekani haikutuunga mkono. Leo mnatutaka sisi tuwaunge mkono?

Ali hakuwa na jibu. Habari ile alikuwa haijui, na waliomtuma hawakumwambia. Alipofika Nairobi, ambako serikali ya Moi ilikuwa tayari upande wa kususia, alikwisha kusema kwamba angeijua historia yote hiyo huenda safari asingeikubali.

Louisville wanamkumbuka Ali aliyekataa kwenda jeshini Aprili 1967, akavuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila pambano, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikamfutia hatia 1971. Wanamkumbuka akiushika mwenge wa Atlanta 1996, mkono unatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Sawa, yote ni kweli. Ila Ali huyo amepigwa pasi mno. Mimi nampenda zaidi huyu wa Dar: mtu aliyeikatalia serikali yake vita, kisha akakubali kubeba ujumbe wa serikali hiyohiyo, akabanwa kwa swali moja, na asijifanye anajua. Mabingwa wa leo wangetoa taarifa kwa vyombo vya habari kupitia meneja.

Vijana wa nyumbani kwetu, kwa upande wao, bondia ni Mwakinyo. Wananionyesha kwenye simu pambano la Birmingham, Septemba 2018, alivyommaliza Sam Eggington raundi ya pili kwao kulekule. Nawaelewa, ni pambano la kurudia kutazama. Lakini ukiwatajia Ali wanakuambia pambano la Kinshasa 1974 basi, kana kwamba Dar hakuwahi kukanyaga.

Kijiweni mjadala haukuishia kwa Ali. Tanzania ilikwenda Moscow. Filbert Bayi akaongoza mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji karibu mpaka mwisho, Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho, tukapata fedha. Suleiman Nyambui naye fedha, mita 5,000. Mzee wa kashata akaniuliza, "Sasa wewe msomi wa Marekani, Mwalimu angemsikiliza Ali wako, leo nchi hii ingekuwa na medali ngapi za Olimpiki?"

Nikahesabu. Sifuri.

Baba mdogo akadakia, "Na Montreal je? Bayi ndiye alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, tukamzuia kwenda, John Walker wa New Zealand akajichukulia dhahabu. Hiyo nayo tumdai Carter?" Wakaanza kubishana upya, na bei ya kahawa nikalipa mimi, kwa kuwa ndiye niliyetoka Marekani.