Mlango Niliousindikiza

Kabla ya kupanda walinipima. Si begi peke yake, bali mimi mwenyewe na begi langu mkononi, juu ya mizani, na kilo zangu zikatajwa kwa sauti mbele ya watu. Mwenzangu aliyekwisha kujichagulia kiti cha mbele akahamishiwa nyuma, mimi nikapewa nafasi yake. Ndege ndogo, tukaambiwa, haiangalii uzito tu, inaangalia na uzito wenyewe umekaa wapi. Sikujua unene unaweza kumpandisha mtu cheo.

Ilikuwa Cessna 172: injini moja, viti vinne, mabawa juu ya kichwa. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1956 na zimeshaundwa zaidi ya 44,000. Hilo lilinituliza, mpaka nilipoegemea kidogo nguzo inayoshikilia bawa na ndege nzima ikayumba. Rubani, dada niliyemzidi umri kwa miaka kama kumi, alikuwa akiizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe: anapapasa, anainama, anachungulia. Akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe, akakiinua kwenye mwanga. Yalikuwa ya buluu. Alikuwa akitafuta maji, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta na yangetuama chini.

Tukaingia, bega kwa bega. Nikavuta mlango.

Hapa lazima nieleze mambo ya nyumbani. Kwetu mlango haubamizwi. Mama ana usingizi mwepesi, akiamshwa kichwa kinamuuma siku nzima, nasi tumelelewa kuusindikiza mlango kwa mkono mpaka useme tik. Basi nikausindikiza. Ukasema tik.

"Umefunga, kaka?"

"Nimefunga."

Alinyoosha mkono aukague, redio ikamwita, mkono ukarudi.

Injini ikanguruma, tukakimbia, na kwenye kilomita 100 hivi kwa saa akavuta usukani kidogo, ardhi ikatuachia. Tumbo halikupanda kooni kama nilivyotishwa. Nikaanza hata kutabasamu. Ndipo PA!

Mlango ukafunguka. Si wote, upana wa vidole vinne tu, lakini kelele yake ilikuwa ya lori zima. Karatasi zikaruka. Kupitia ule mwanya niliona mapaa ya nyumba yakipita chini ya kiwiko changu. Nikaudaka mlango kwa mikono miwili, nikaweka na goti, nikavuta kama mtu anayegombea mali ya urithi.

"Uache," sauti ikaja kwenye vipokea sauti, bila haraka. "Uache kabisa. Hauendi popote."

Bawaba ziko upande wa mbele, akaeleza, kwa hiyo upepo wenyewe unausukuma ujifunge. Haufunguki wote, wala haufungiki wote, na ndege inaruka nao hivyo hivyo. Anayeleta ajali ni rubani anayeacha kurusha ndege akaanza kupigana na mlango. Akanyamaza, akatazama mbele. Nikaachia. Mikono ikakosa pa kwenda, nikashika shati langu mwenyewe.

Tukazunguka kwa futi 1,000 kurudi uwanjani. Tulipokaribia kugusa lami, kitu kikalia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Nikafumba macho. Kumbe ni king'ora cha kuonya kwamba bawa linakaribia kuishiwa nguvu ya kubeba, na wakati wa kutua ndivyo inavyotakiwa.

Hata injini haikuzimwa. Tulipotoka kwenye njia ya kurukia, dada akapitisha mkono mbele ya kifua changu, akaubamiza mlango kwa kishindo ambacho kwetu kingetufikisha kwenye fimbo, akashusha komeo. Tukapaa tena.

Safari iliyobaki ilikuwa nzuri. Nilitazama mlango.

Uchungu ulinirudia kwenye malipo. Wanahesabu tangu injini inapowaka, si tangu magurudumu yaache ardhi. Nikalipia kutambaa ardhini, nikalipia kusubiri zamu, nikalipia na ule mzunguko wa mlango, ambao kwa dakika zake ndio uliokuwa ghali kuliko yote. Nikalalamika. Karani akaniuliza kwa upole mlango aliufunga nani.

Nilifika nyumbani usiku, nikaingia, na mkono wenyewe, bila kuniuliza, ukaubamiza mlango.

"Nani huyo?" Mama akaita kutoka chumbani.

Nikasimama gizani kimya, kama mwizi, begi bado begani.