Leo Kalenga nimeguswa jamani

Ndo nimeingia nyumbani sasa hivi, hata sweta sijavua.

Wanaotufahamu wanajua sisi wastaafu wa hapa Iringa tuna kikundi chetu, kila mmoja anafundisha anachokijua, halipwi mtu, Jumanne tunasoma vitabu na mara moja moja tunachanga nauli tunatoka. Leo ilikuwa zamu ya mwalimu wetu wa historia, akatupeleka makumbusho ya Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe.

Akatueleza Lugalo 1891 jinsi Wahehe walivyowapiga Wajerumani, halafu kifo chake 1898, na fuvu likakaa Ujerumani hadi 1954 lilipotoka Bremen likarudi nyumbani.

Aliposema 1954 tu, mama mmoja, nesi mstaafu, akaacha kuandika.

Akasogea kwenye kioo, daftari kalibana kwapani, akasema taratibu, "Mwaka huo nilikuwa mgongoni kwa mama. Alikuwa akisema tulikuja hapa kumpokea mtwa, mi nikajua ananipigia hadithi."

Kimya.

Kisha akainama kidogo, akasema "Kamwene", kama anavyomsalimia mtu mzima aliyekaa mbele yake.

Mzee wa pembeni yangu akavua kofia. Mi machozi yalinitoka na sikuyafuta, na hadi saa hizi naisikia ile sauti.

Mwezi ujao tunataka Isimila, kule kwenye zana za mawe za kale, kuna nafasi kwenye Hiace.

Haya niambieni, nyie mama au bibi aliwahi kuwasimulia nini mkadhani ni hadithi tu?