Kiuno kwanza, mizani baadaye

Mizani haitofautishi maji, misuli na mafuta. Ukila dagaa wa chumvi usiku, asubuhi unaweza kukuta kilo imeongezeka, na ni maji tu. Ukitembea kwa kasi kwenye joto la Dar, jasho linaishusha tena. Kwa hiyo napanda mizani mara moja kwa wiki, alfajiri, nikishatoka chooni na kabla ya chai. Namba ninayoitegemea ni ya kiuno.

Natumia futi ya fundi cherehani. Wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, wakapata namba ya kujifariji. Papasa ubavuni mpaka mwisho wa mbavu, kisha mfupa wa juu wa nyonga. Futi ipite katikati ya hapo, iguse ngozi bila kubana, isipande mgongoni. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, ndipo usome. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85. Mafuta ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayochochea kisukari cha aina ya 2 na presha, na hata mwenye mikono myembamba anaweza kuwa nayo.

Natembea Coco Beach saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakolea. Maji yakiwa yamekupwa mchanga ni mgumu. Yakijaa unabaki kwenye mteremko, mguu mmoja chini mmoja juu, na goti litauma. Dakika 30 kwa siku 5 zinatimiza zile 150 za wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kasi iwe ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Siku 2 naongeza kuchuchumaa na pushapu, maana ukipunguza wali na chipsi bila kuitumikisha misuli, nayo inapungua pamoja na mafuta.

Kabla ya kutoka kitandani nahesabu mapigo ya moyo mkononi kwa sekunde 30, kisha nazidisha kwa mbili. Mazoezi yakikolea mapigo hayo yanashuka, hata kilo zikigoma. Hiyo ni afya inayopatikana, tusiidharau.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aongee na daktari kwanza, kwa sababu mazoezi yanaweza kushusha sukari ghafla. Akitoka, awe na pipi au glukosi mfukoni.