Serikali imlete mtu wake? Nendeni Annapolis mkaone

Msiba ukiingia kwenye magrupu yetu ya ughaibuni, bili ya nyumba ya mazishi ikishatumwa, hakosekani wa kuandika: "Kwani ubalozi uko wapi? Serikali imlete mtu wake." Kauli hiyo inanikera. Mnaoishi Maryland, nendeni Annapolis, mshuke chini ya kanisa la Chuo cha Wanamaji, mkaone serikali tajiri kuliko zetu zote ilivyomleta mtu wake: baada ya miaka 113.

Mwenyewe ni John Paul Jones, shujaa mkubwa wa mwanzo wa jeshi la majini la Marekani. Naye alikuwa mhamiaji. Alizaliwa Scotland mwaka 1747, mtoto wa mtunza bustani, akiitwa John Paul basi. Mwaka 1773 huko Tobago alimuua baharia wake katika ugomvi wa mishahara, akakimbilia Virginia na kujiongezea jina la Jones. Jaribu hayo leo na alama za vidole za uhamiaji uone. Tarehe 23 Septemba 1779, Marekani ikipigania uhuru kutoka kwa Uingereza, karibu na Flamborough Head, pwani ya Uingereza, meli yake Bonhomme Richard ilitobolewa hata ikawa haiokoleki, lakini aliyesalimu amri ni nahodha wa manowari ya Kiingereza, Serapis. Jones akahamia humo na watu wake.

Alifariki Paris tarehe 18 Julai 1792, akiwa na miaka 45. Mwakilishi wa Marekani pale, Gouverneur Morris, alitaka azikwe kimyakimya na kwa gharama ndogo. Aliyetoa mfukoni ni Mfaransa, Pierrot-François Simonneau: faranga 462. Kwa fedha hizo maiti ilivishwa sanda ya kitani, ikalazwa kwenye jeneza la madini ya risasi, ikashindiliwa majani makavu isichezecheze safarini, jeneza likajazwa pombe kali na kuzibwa kwa kulehemu. Simonneau aliamini Wamarekani watakuja kumchukua. Kosa likawa moja tu, nalo liligharimu: jeneza halikuwa na bamba la jina.

Makaburi alikozikwa yakafungwa, mji ukajenga juu yake. Mwaka 1899 balozi wa Marekani huko Paris, Horace Porter, alianza kupekua kumbukumbu, kwa fedha zake mwenyewe, na mwaka 1905 wachimbaji wakashuka kwa mashimo na mahandaki yaliyoegemezwa kwa mbao chini ya nyumba za watu. Walipata majeneza matano ya risasi. La tatu halikuwa na jina, na lilipofunguliwa mwezi Aprili mwili ulikuwa haujaoza. Madaktari wakapima urefu, kama mita 1.70, wakalinganisha vipimo vya uso na sanamu ambayo Houdon aliichonga Jones akiwa hai, kisha wakapasua: figo na mapafu yalikuwa na dalili za maradhi aliyojulikana kuwa nayo. Bila ile pombe, wangekuta mifupa isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo msiponde mnapoambiwa gharama za kutia dawa maiti na jeneza la kuzibwa. Kusanyeni mapema cheti cha kifo, cheti cha kutia dawa, barua ya kuthibitisha hakuna ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti ya marehemu na kibali cha ubalozi. Jina liandikwe sawasawa kwenye zote. Aliyekuja na jina moja na kufanya kazi kwa jingine anawaachia ndugu kazi ya Porter. Na wewe unayepanga kuja, tafuta bima ya mazishi mwezi wa kwanza wa mshahara, kabla ya gari.

Heshima zenyewe zilikawia pia. Meli za kivita zilimleta Annapolis Julai 1905, na Rais Theodore Roosevelt akahutubia tarehe 24 Aprili 1906, siku ambayo mwaka 1778 Jones aliiteka manowari ya Kiingereza iitwayo Drake. Halafu Bunge likachelewa kutoa fedha, na jeneza likawekwa chini ya ngazi za Bancroft Hall, bweni la chuo hicho, hadi Januari 1913. Sasa amelazwa ndani ya marumaru nyeusi na nyeupe ya Pyrénées, tani 21, iliyobebwa na pomboo wa shaba.

Kuingia ni bure, hakuna ile bei ya mwananchi na bei ya mgeni. Mtu mzima anaonyesha kitambulisho chenye picha. Kwa mgeni, pasipoti. Magari ya wageni hayaingii. Jumapili asubuhi kuna ibada, nenda mchana. Asiye na karatasi sawasawa asijipeleke kwenye geti la jeshi, picha zipo mtandaoni.

Ukitoka, teremka hadi gati la mji. Hapo ndipo meli ya watumwa Lord Ligonier ilipofika Septemba 1767 na Waafrika 98 waliosalia, na sanamu ya Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots kuhusu Kunta Kinte, akisimulia watoto imewekwa pale kwa ajili yao. Ujanani Jones naye alifanya kazi kwenye meli mbili za watumwa, King George na Two Friends, kabla ya kuiacha biashara hiyo. Sakafu ya kaburi lake imeandikwa majina ya meli alizoziongoza vitani. Hizo mbili hazimo.