Nilimuuliza bibi nini kinamzuia

Bibi mmoja wa kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, alikuwa akitembea na kibano amekifunga kwenye pindo la khanga. Nywele za kope zikimchoma, anamwita mjukuu amng'olee. Ni trakoma, huku tunaita vikope. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, kope hupata makovu kwa ndani, ukingo wake unajikunja, na kila akipepesa nywele zinakwaruza mboni. Akiachwa hivyo anaweza kupofuka. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo, na watoto ndio wenye maambukizi.

Kanisani tulimwombea, tukamchangia nauli ya kwenda hospitali ya Mvumi, yenye idara ya macho. Hakwenda. Maneno yakaanza: mkaidi, anaogopa kisu. Yaliniuma sana, maana waliomsema ndio hao hao waliomchangia.

Nikaenda kwake jioni. Tukaamkiana, "Mbukwenyi", nikakaa. Habari ya hospitali sikuigusa kwanza. Nikamuuliza, "Bibi, ukilala nje ya hapa siku mbili, nini kitaharibika?"

Hakusita. Mbuzi. Maji. Na huyu mtoto, atalala na nani?

Ulikuwa kiangazi, na maji tulikuwa tukiyachimba kwenye mchanga wa korongo. Usipodamka unakuta foleni, na mbuzi hawangoji. Nauli tuliyompa haikugusa hata kimoja kati ya hivyo.

Basi nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kijana wa kwaya akakubali kuchunga mbuzi wa bibi pamoja na wa baba yake. Jirani yangu mwenye punda, Mwislamu, akasema madumu ya bibi yatapanda pamoja na yake, na hakutaka malipo. Mjukuu akalala kwangu. Mimi nikaongozana na bibi, kwa sababu mtu aliyefungwa bandeji jichoni hawezi kupanda gari peke yake.

Upasuaji wenyewe ni mfupi: sindano ya ganzi, daktari anageuza ukingo wa kope utazame nje, anashona. Kesho yake bandeji ikatolewa. Kilichobaki ni kurudi kutolewa nyuzi, na hapo ndipo wengi huishia njiani, kwa kuwa wasindikizaji wameshachoka. Katika Luka 10 Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake na kutoa dinari mbili, lakini pia alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi. Naipenda sana ahadi hiyo. Tulirudi na bibi Mvumi.

Baadaye akina mama wa kanisani walimtengenezea kibuyu chirizi mlangoni, wajukuu wanawe uso kwa maji kidogo. Ugonjwa huu husambazwa na mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu, kwa hiyo kumtibu bibi na kuacha nyuso za watoto ni kazi nusu.

Yohana anaandika katika waraka wake wa kwanza, 3:18, tusipende kwa neno wala kwa ulimi, bali kwa tendo na kweli. Kwa bibi, tendo lilikuwa kuchunga mbuzi.

Sasa kuna mzee wa kitongoji cha pili mwenye tatizo lile lile. Kinachomzuia ni mkewe aliyepooza, anayehitaji kugeuzwa usiku. Akina mama wawili wamekubali kulala kwake zamu kwa zamu. Wiki ijayo tunaondoka naye.