Jinsi nilivyopambana na gauti ya mzee wangu

Gauti, ule ugonjwa wa viungo kufura na kuuma, ilikuwa yamshika mzee wangu kidole gumba cha mguu usiku, hata shuka ikimgusa apiga kelele. Daktari akapima asidi ya yuriki, ile ya damuni iletayo gauti, iko juu, akampa alopurinoli, dawa ya kuishusha. Mimi nikashika jiko kupunguza vinavyoipandisha: maini, figo na dagaa nikapiga stop, mishkaki ikawa mara moja moja, lakini vita vyenyewe vilikuwa kwa soda maana mtu hali biriani bila soda! Maharagwe nikamwachia, hayana neno.

Kosa langu nilimkatia chakula apungue haraka, mguu ukafura tena, kumbe kukonda ghafla pia kwapandisha yuriki. Sasa twatembea Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, jioni polepole, kilo 6 zimetoka kwa miezi 5 na usiku alala.